Uzi wa stadi ya ekzosi ukifa: namna ya kuutengeneza bila kuiua hedi

Jirani yangu hapa Tabata, Dar es Salaam, kijana wa bodaboda, alisukuma pikipiki yake hadi kibarazani kwangu asubuhi moja. "Shikamoo mzee. Hii kitu tangu juzi inalia kama cherehani."

"Marahaba. Iwashe niisikie."

Akapiga kiki. Ta-ta-ta-ta, sauti kavu kutoka mbele ya injini, siyo nyuma kwenye bomba. Masizi meusi yalikuwa yametambaa kwenye mapezi ya hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, pale bomba la ekzosi linapoingia. Nati moja imekaza. Ya pili ipo, lakini ukiishika kwa vidole inacheza pamoja na stadi yake, ile bolti isiyo na kichwa iliyochomekwa kwenye hedi. Tuliiacha ipoe, nikaishika stadi na kuivuta taratibu. Ikatoka mzimamzima, imevaa kijitepe cha alumini kilichojiviringa kama springi ya kalamu. Kile kijitepe ndicho kilichokuwa uzi wa hedi, yaani meno ya ndani ya tundu yanayoishika stadi.

Ukiona hivyo usihangaike kurudisha stadi na kukaza tena. Hakuna cha kukazia. Hapa chini ni namna ninavyoifanya kazi hii mimi, kwa vifaa vinavyopatikana mjini kwetu. Inakula nusu siku ukienda taratibu. Ukiwa na haraka itakula hedi.

Hakikisha kwanza kilichokufa

Mara nyingine nati ndiyo imeliwa, stadi na hedi ni wazima. Weka nati mpya, izungushe kwa vidole. Ikipanda vizuri na stadi haizunguki nayo, umepona: badilisha nati, weka gasketi mpya, endelea na maisha. Stadi ikizunguka bure bila kupanda wala kushuka, au ikitoka kwa kuvutwa, uzi wa hedi umekwisha.

Pima sasa. Pikipiki nyingi ndogo zinatumia stadi za M6 (unene wa milimita 6) zenye hatua ya milimita 1.0, yaani kutoka jino hadi jino la uzi. Injini kubwa kidogo zinatumia M8 yenye hatua ya 1.25. Usikisie kwa macho. Tumia venia, kile kipimo chenye taya, na kama huna kipimo cha uzi, chukua bolti mpya unayoijua ukubwa, uilaze ubavuni mwa stadi ya zamani, uangalie kwenye mwanga kama meno yanakaa ndani ya meno.

Nasisitiza hili kwa sababu ndilo lililomponza yule kijana. Fundi wa mwanzo alikosa M6, akachukua bolti ya robo inchi kutoka duka la vifaa vya ujenzi, akaisukuma ndani kwa spana. Bolti ya robo inchi ina unene wa milimita 6.35 na meno 20 kwa inchi, sawa na hatua ya 1.27. Haiingii kwenye uzi wa M6, inauchana. Mtego wa M8 ni mbaya zaidi, kwa kuwa bolti ya inchi tano kwa kumi na sita ina milimita 7.94. Mkononi huwezi kuitofautisha na M8, na mizunguko miwili ya kwanza inaingia kama kwake. Kuanzia wa tatu unasikia ugumu, na ukikaza hapo unasaga alumini.

Chagua tiba kabla ya kutoboa

Njia ziko nne, na kila fundi ataapa kwa yake.

Ya kwanza ni koili: unatanua tundu, unakata uzi mpya, halafu unavisha springi ya waya wa chuma kisichoshika kutu ambayo kwa ndani inakupa uzi uleule wa mwanzo. Watu wengi wanaiita kwa jina la Helicoil, hata ikiwa ya kampuni nyingine. Hii ndiyo ninayoipenda kwa ekzosi. Waya wake ni mgumu kuliko alumini, unabaki na stadi ya ukubwa wa kiwandani, na nyama inayoondoka kwenye hedi ni kidogo.

Ya pili ni stadi ya ngazi, chini M8, juu M6. Mafundi wa kuchonga vyuma wa Gerezani au Vingunguti watakuchongea ukiwapelekea ya zamani kama sampuli. Ni imara na haihitaji tapu (chuma cha kukatia uzi) ya pekee, ila angalia kama kuna nyama ya kutosha kuzunguka tundu. Kwenye hedi ndogo ukuta unaweza kubaki mwembamba ukapasuka.

Bushi ya chuma yenye uzi ndani na nje inafaa tundu lililokwisha haribika sana. Kulijaza tundu kwa kuchomelea kwa gesi ya agoni na kutoboa upya ni kazi ya mwisho, kwa hedi isiyo na mbadala, na ifanywe na mtu anayechomelea alumini kila siku. Anayechomelea mageti si huyo.

Gundi ya chuma ya kuchanganya siiweki kwenye hesabu kabisa. Pale ni mdomo wa njia ya moshi. Italainika kwa joto, na utakuja kuitoa kwa patasi.

Na uwe mkweli kwa mfuko wako. Injini nyingi za bodaboda za Kichina zimefuata muundo wa Honda CG125 ya miaka ya 1970, na hedi zake zimejaa Kariakoo. Kama yako ni ya namna hiyo, na imeshapasuka au viti vya valvu vimekwisha, uliza bei ya hedi kabla ya kununua seti ya koili. Mwongozo huu una maana zaidi kwa mwenye pikipiki ya zamani ambayo hedi yake haipatikani tena.

Vifaa

Seti ya koili ya ukubwa wako, ikiwa na biti ya kutobolea, tapu na kifaa cha kuvishia. Sikiliza vizuri hapa: tapu ya koili ya M6 si tapu ya M6, wala ya M7. Ina kipimo chake, na bila hiyo koili haikai. Biti ya koili ya M6 ni milimita 6.3, ya M8 ni 8.3. Koili huja kwa urefu tofauti. Kwa M6 utakuta za milimita 9 na 12, kwa M8 za 12 na 16. Kwenye ekzosi chukua ndefu kama kina cha tundu kinaruhusu.

Ongeza stadi mpya mbili, nati mpya, gasketi mpya ya ekzosi, mafuta ya taa kidogo, grisi ya kawaida, grisi ya kopa (yenye unga wa shaba), pamba au kitambaa, miwani ya kukinga macho, na mkono wa tapu wa kushika kwa mikono miwili. Usizungushe tapu kwa spana ya kawaida, kwa kuwa inavuta upande mmoja na tapu itakatikia ndani.

Kama stadi imekatika au imegoma

Mwenye tundu lililo wazi aruke sehemu hii. Mwenye kipande kilichobaki ndani avute kiti, maana hapa ndipo hedi nyingi za Dar zinapofia.

Chuma ndani ya alumini, joto kila siku, na hewa ya chumvi kutoka baharini: kutu nyeupe ya alumini inajaza nafasi ya uzi na kuishika stadi kama saruji. Pikipiki zinazolala Kigamboni au Msasani huwa ngumu zaidi. Anza na mafuta ya kulegeza kutu, pulizia jioni, lala, pulizia tena asubuhi. Gonga kichwa cha stadi kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi mengi, mafuta yapenye.

Kama uzi wa juu bado mzima, zungushia nati mbili, zikaze moja dhidi ya nyingine, kisha fungua kwa kushika ile ya ndani. Isipokubali, tumia joto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo ukiipasha hedi, tundu linailegeza stadi. Toa tangi la petroli na ulipeleke mbali kabisa, siyo kulisogeza pembeni tu. Pasha nyama ya hedi kuzunguka stadi, usiunguze stadi yenyewe. Tone la maji likigusa na kukauka papo hapo, inatosha. Usisubiri hedi iwe nyekundu, maana alumini haiwi nyekundu kama chuma. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 za sentigredi, aloi ya hedi huanza chini ya hapo, na haikupi onyo lolote la rangi. Utaona tu kona imeanguka.

Ikishakatika sawasawa na uso wa hedi, piga alama katikati kwa senta panchi, toboa na biti ndogo, kisha panua. Zile biti za kukata kinyume zikipatikana ni bora, kwa sababu mara nyingi stadi inalegea na kutoka wakati unatoboa. Kuhusu ekstrakta, kile chuma cha kuchomolea chenye mkia wa nguruwe: mimi naiogopa. Ni chuma kigumu sana, na ikikatikia ndani ya stadi hakuna biti ya kawaida itakayoitoboa. Ukiona inapinda, acha. Mpelekee fundi wa kuchomelea abandike nati juu ya kipande kilichobaki. Joto lile lile la kuchomelea huilegeza, na unakuwa umepata mahali pa kushika.

Kutoboa

Hii ndiyo hatua yenye nafasi moja tu. Tundu likitoka pembeni kwa digrii chache, stadi itainama, flanji ya bomba (lile bapa lenye matundu ya stadi) haitaingia, na utalazimika kuitanua flanji kwa tupa ya duara huku ukijilaumu.

Kama hedi imeshatolewa, tafuta drili ya kusimama. Ipange hedi hadi ile stadi nzima ya jirani ilingane na biti, ukiangalia kutoka mbele na kutoka ubavuni. Kama hedi iko kwenye pikipiki, mchongeshe fundi kibushi cha kuongoza: chuma cha mviringo chenye tundu la biti yako, kinachokaa ndani ya tundu la flanji. Funga flanji kwenye stadi nzima, pitisha biti ndani ya kibushi, na biti haina pa kwenda isipokuwa moja kwa moja. Hiki kitu ni cha dakika chache kwenye mashine ya kuchongea. Nimekitumia mara nyingi kiasi kwamba kimepata sanduku lake.

Kabla ya kuwasha drili, zungusha injini hadi pistoni ifike juu kwenye mgandamizo, valvu zote zikiwa zimefunga. Hapo chengachenga za alumini zikiingia kwenye njia ya moshi haziwezi kushuka kwenye silinda. Kisha ziba njia ya moshi kwa kitambaa kilichopakwa grisi. Hesabu vitambaa ulivyoweka. Siongei zaidi.

Pima kina cha tundu la zamani kwa mkia wa venia, funga utepe kwenye biti ukiwa alama ya kina hicho, na usipite. Nyuma ya tundu la stadi kwenye hedi nyingi kuna njia ya moshi au nafasi ya mafuta. Ukitokeza upande wa pili, umejitengenezea kazi mpya ambayo haimo katika mwongozo huu.

Drili izunguke taratibu. Dondoshea mafuta ya taa, toa biti kila milimita chache, pangusa, rudi. Alumini ikipata joto inang'ang'ania biti na kuchana kuta badala ya kuzikata. Kwa tundu lililoharibiwa na bolti ya robo inchi, kama la kijana wetu, usishangae kuona biti ya 6.3 haikati karibu chochote. Bolti ilishakula. Alama zake zitafutwa na tapu, kwa kuwa uzi wa koili unaenda nje zaidi.

Kukata uzi

Paka grisi kwenye mifereji ya tapu ili ishike chenga. Isimamishe, ibonyeze kidogo kwa kiganja, zungusha mzunguko mmoja. Simama. Angalia kutoka pande mbili kama imesimama wima. Kipande cha bapa chenye kona ya mraba kitakusaidia. Ikiwa imeinama, huu ndio wakati wa kuirudisha. Baada ya mizunguko mitatu haisikii tena.

Kisha ni nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Ile robo ya nyuma inakata chenga, utaisikia mkononi kama mtu amevunja kijiti chembamba. Toa tapu yote kila baada ya mizunguko michache, ifute, paka grisi upya. Ukisikia inakuwa ngumu ghafla umefika chini ya tundu au chenga zimejaa. Usilazimishe vyovyote vile.

Ukimaliza, osha tundu kwa petroli kidogo au dawa ya kusafishia breki, lipulize kwa upepo. Kama huna kompresa, fundi pancha wa barabarani anayo, mpe hela ya soda. Vaa miwani, na kitambaa kiwe bado kimeziba njia ya moshi. Tundu lisibaki na hata tone la mafuta wala chenga moja.

Kuvisha koili

Iweke kwenye kifaa chake, ule mkia mdogo wa chini ukae kwenye mdomo wa kifaa. Izungushe ndani bila kuibonyeza, maana ukiisukuma inaruka jino na kujipanga vibaya. Iende hadi mwanzo wa waya uzame robo hadi nusu mzunguko chini ya uso wa hedi. Ikitokeza juu, flanji itaikalia na kuivuta nje.

Sasa vunja ule mkia, kwa pini nyembamba na pigo moja la nyundo nyepesi. Utadondoka chini ya tundu na lazima utoke. Wengi hutafuta sumaku, lakini koili ni chuma kisichoshika kutu na sumaku huivuta kwa shida. Mimi natumia kijiti cha ufagio wa chelewa kilichopakwa grisi nzito kwenye ncha. Ukiuacha humo ndani, stadi itaukalia na kugoma kabla haijafika mwisho, nawe utadhani uzi umeharibika tena.

Kurudisha bomba, na chanzo chenyewe cha tatizo

Zungusha stadi mpya kwa vidole hadi ikae. Upande wa hedi uwe na grisi ya kopa kidogo. Gundi ya kawaida ya kufungia nati hapa haina kazi, joto la ekzosi linaishinda. Toa kitambaa. Umehesabu? Weka gasketi mpya, flanji, na nati kwa vidole tu.

Sasa usikaze. Nenda nyuma, kwenye bolti inayoshika sailensa kwenye fremu. Kwenye pikipiki ya kijana wetu bolti hiyo haikuwepo, ilikuwa imefungwa kwa waya. Hapo ndipo uzi wake ulipoanza kufa, kabla hata ya bolti ya robo inchi. Sailensa yote ilikuwa inaning'inia kwenye stadi mbili za M6, na kila shimo la barabara ya kwetu lilikuwa linazipinda kidogo. Kama kishikio cha nyuma kimekatika, kichomelewe kwanza. Ukitengeneza uzi wa mbele ukaacha waya nyuma, utanitafuta tena mwezi ujao.

Bomba likikaa bila kulazimishwa mbele na nyuma, kaza nati za flanji kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule, hadi flanji ilingane pande zote. Halafu kaza ya nyuma. Kwa M6 lenga karibu nyutoni mita 10, kwa M8 karibu 20. Kama una kitabu cha injini yako, fuata namba yake. Usipokuwa na toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, chukua ile mizani ya ndoano wanayopimia samaki. Ifunge kwenye spana sentimita 10 kutoka katikati ya nati, vuta kwa pembe mraba: kilo 10 ni karibu nyutoni mita 10. Utashangaa jinsi ilivyo kidogo. Wengi wetu mikono yetu inakaza mara mbili ya hapo bila kujua.

Washa injini, iache ipate joto, pitisha mkono kwa mbali mbele ya flanji bila kugusa. Hakuna pumzi inayotoka, hakuna ta-ta-ta. Zima, iache ipoe hadi kesho, kisha rudia kukaza kwa mizani ileile, kwa sababu gasketi mpya hujibana baada ya joto la kwanza na nati zinabaki legevu kidogo. Baada ya siku tatu nne za kazi futa mapezi yaliyo karibu na flanji kwa kitambaa cheupe. Kijana alirudi na chake Jumamosi, akakikunjua mbele yangu: vumbi jekundu la barabara ya Segerea, masizi hakuna.